Kwa Bendi Iliyokwisha Kupendwa

Wanangu,

Swali lenu limenifikia, na nimeona nilijibu kwa maandishi, maana lina mambo mengi na kwenye kikao kila mtu angekuwa anamkatiza mwenzake. Mnasema albamu ya kwanza imependwa, redio zinaipiga asubuhi na jioni, kumbi zinajaa, na sasa promota anataka ya pili itoke upesi ikiwa na ladha ileile. Nusu yenu mnaona ana haki. Nusu ya pili mnaona kujirudia ni kujimaliza. Mkanitaka mimi mzee nikate shauri.

Sikati. Bendi ni yenu, na siku watu wakizomea sitakuwepo jukwaani pamoja nanyi. Ila nitawaeleza habari za albamu moja ya rock iliyorekodiwa Los Angeles, Marekani, na watu waliokuwa wamekwisha kupata kila kitu ambacho bendi inaweza kukitamani. Albamu inaitwa Tusk. Bendi ni Fleetwood Mac. Ilitoka Oktoba 1979, na tangu enzi zile nilipokuwa nashika mashine za kurekodi sijaacha kuisikiliza. Kila nikiona bendi changa inagombana juu ya albamu inayofuata, naikumbuka. Nyimbo zake nazipenda, lakini leo nataka mwangalie zaidi namna wale watu watano walivyokubaliana, na namna walivyoyakimbia makubaliano yao hesabu za mauzo zilipofika.

Bendi hiyo ilianzishwa London mwaka 1967 na mpiga gita aitwaye Peter Green, ikipiga blues. Jina lilitokana na watu wawili wa nyuma, mpiga drams Mick Fleetwood na mpiga besi John McVie. Wapiga gita walikuja na kuondoka, Green mwenyewe aliondoka mwaka 1970, lakini ngoma na besi hazikubadilika. Mwaka 1974 meneja wao alidai kwamba jina la bendi ni mali yake, akapeleka Marekani wanamuziki wengine kabisa wapige chini ya jina hilo, na wenyewe wakaishia kwenye kesi. Hapa nasimama kidogo niwaulize: jina la bendi yenu limesajiliwa kwa nani? Kama hakuna anayejua, wekeni barua hii chini mkalishughulikie hilo kwanza.

Mwisho wa 1974 wakaingia vijana wawili kutoka California waliokuwa wapenzi: Lindsey Buckingham, mpiga gita na mwimbaji, na Stevie Nicks, mwimbaji na mtunzi. Walikuwa wamewahi kutoa albamu moja wakiwa wawili, nayo haikuuzika. Kwenye kinanda alikuwepo Christine McVie, mke wa John, mtunzi ambaye nyimbo zake huingia kichwani bila kubisha hodi. Albamu yao ya kwanza wakiwa watano ilitoka mwaka 1975, ikapanda polepole mno. Ilichukua zaidi ya mwaka mzima kufika namba moja Marekani. Kisha, Februari 1977, ikatoka Rumours.

Rumours ilikaa namba moja Marekani kwa wiki 31. Nyimbo zake nne ziliingia kumi bora. Mwaka 1978 ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, na hadi leo imeuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Nayo ilitengenezwa wakati John na Christine wanaachana, Buckingham na Nicks wanaachana, na ndoa ya Mick Fleetwood inayumba. Waliingia studio hawasemeshani, wakatoka wameimbiana maneno ambayo mezani wasingeweza kuambiana.

Jambo moja la albamu hiyo nataka mlione kwa karibu, kwa sababu ni la kazi yenu. Kanda ya kurekodia ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na kila inapopita kwenye vichwa vya mashine unga kidogo hukwanguka. Rumours ilirudiwarudiwa studio hata sauti za juu zikaanza kufifia: matoazi yakapoteza mng'ao, nyuzi za gita zikawa kama zimefunikwa kitambaa. Bahati yao, siku za mwanzo walipokuwa wakirekodi mjini Sausalito, California, mashine mbili zilikuwa zikizunguka pamoja, kwa hiyo kulikuwa na kanda ya pili yenye ngoma na vyombo vya msingi ambayo ilikuwa haijachezwa sana. Tatizo ni kwamba kanda mbili haziendi mwendo mmoja kamwe. Akaitwa fundi, akavaa hedifoni, sikio moja likisikia kanda iliyochakaa na la pili ile isiyochakaa, akawa anarekebisha mwendo wa mashine kwa mkono, akifuata ngoma na toazi pigo kwa pigo, mpaka sauti mbili zikakaa pamoja katikati ya kichwa chake. Wakafanya hivyo wimbo baada ya wimbo. Ndipo sauti za waimbaji na magita yaliyoongezwa baadaye yakahamishiwa kwenye kanda nzima. Mtu anayewaambia mtoe nyingine kama ile baada ya miezi michache hajui ile iligharimu nini.

Basi, baada ya hayo yote, kampuni ya kurekodi ilitaka nini? Ilitaka Rumours nyingine, na wala siilaumu, kampuni ni duka. Aliyekataa ni Buckingham. Alikuwa anasikiliza muziki mpya uliokuwa ukitoka London na New York, wa kina The Clash na Talking Heads, vijana waliopiga kwa haraka na kwa ukali bila kujali ulaini wa redio. Alikata nywele zake ndefu. Akamwambia Mick Fleetwood kwamba hataki kutengeneza Rumours ya pili, anataka nafasi ya kujaribu mambo, na baadhi ya kazi aifanyie nyumbani kwake.

Sisi tuna methali ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Kawaida tunamwambia hivyo aliyelewa sifa akaanza uzembe. Mimi, baada ya miaka mingi ya kusikiliza albamu za pili na za tatu za watu, nimeona maji yanayotiwa mara nyingi ni ya namna nyingine. Mtu anachukua wimbo uliopendwa, anabadilisha maneno, anaacha mdundo uleule, kiitikio kilekile, gita lilelile linaloingia palepale. Msikilizaji anakunywa, anaona ladha anaijua, lakini halewi. Hajui kwa nini, ila safari ijayo hanunui. Buckingham aliliogopa hilo, na kwa jambo hilo namuunga mkono moyo wangu wote.

Alifanyaje? Nyumbani kwake aliweka mashine ya kurekodi, akaingia hata bafuni kwa ajili ya mwangwi wa vigae, na kule studio akabandika vipaza sauti sakafuni, akainama juu yake na kuimba. Mahali pa ngoma, kwenye baadhi ya nyimbo, alipiga maboksi ya karatasi za kupengea kamasi. Kwenye wimbo uitwao The Ledge aliziteremsha nyuzi za gita mpaka likakaribia kunguruma kama besi, na vyombo akavipiga mwenyewe. Sauti iliyotoka ni ya mtu aliye karibu mno na sikio lako, haina rangi, haina manukato. Mara ya kwanza nilipoisikia nilidhani mashine yangu ina kasoro.

Lakini sikilizeni jambo ambalo wengi wanaosimulia habari hii hulipita. Albamu ina nyimbo 20 kwenye santuri mbili. Tisa ni za Buckingham, sita za Christine McVie, tano za Stevie Nicks. Buckingham hakuwalazimisha wenzake waimbe kwenye maboksi ya karatasi. Nyimbo za Christine zilibaki za Christine, tulivu, zenye kinanda kinachopumua. Za Nicks zilibaki ndefu, zenye ukungu wake, na kwa wimbo kama Sara au Storms yule mgomvi wa bafuni alikaa akapamba kazi ya mwenzake kwa upole wa ajabu, sauti juu ya sauti. Albamu inafunguliwa na wimbo wa polepole wa Christine, Over & Over, na mara tu unapokwisha, The Ledge inakuingilia kama mtu aliyefungua mlango kwa teke. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo fahari ya albamu ile. Mle ndani mna watunzi watatu wasiofanana, na hakuna aliyefutwa.

Ninyi mnaotaka mabadiliko, lishikeni hilo. Mwenzako anayependa wimbo laini wenye kiitikio kinachoimbika si mwoga. Christine McVie alitunga Think About Me na Brown Eyes ndani ya albamu hiyohiyo, na ukiziondoa, jengo lote linaanguka, kwa sababu ukali wa Buckingham unasikika kuwa ukali pale tu ulipowekwa jirani na utulivu. Na kwenye Brown Eyes, hebu fikirini, lipo gita la Peter Green, yule mwanzilishi aliyeondoka mwaka 1970. Jina lake halikuandikwa kwenye jalada, lakini alirudi akapiga. Nafasi aliyoidai mmoja iliwafaa wengi.

Na wimbo uliobeba jina la albamu? Huo nao ulizaliwa kwenye mazoezi ya kupima sauti kabla ya maonyesho, kipande cha mdundo walichokuwa wakikipiga ukumbi ukiwa mtupu. Mick Fleetwood alikuwa ameona bendi ya matarumbeta ikipita mitaani katika mji mdogo wa Normandy, Ufaransa, na jinsi watu wote walivyotoka nje kuifuata, akasema tutie matarumbeta. Wakawachukua wanafunzi wa bendi ya gwaride ya Chuo Kikuu cha Southern California, wakawaingiza kwenye uwanja wa besiboli wa Dodger Stadium ukiwa hauna watu, wakawarekodi huko nje juani. John McVie hakuwepo siku ile, alikuwa baharini na mashua yake. Kwenye filamu ya wimbo Fleetwood anatembea amebeba picha ya McVie ya kadibodi yenye kimo cha mtu. Wazee wenzangu waliokulia kwenye ngoma ya beni na harusi zenye matarumbeta hawahitaji kuelezwa kwa nini wimbo ule unamwinua mtu kitini. Uliingia kumi bora Marekani na Uingereza pia, tena bila kuwa na umbo la wimbo wa redio hata kidogo.

Sasa fedha. Walijengewa chumba maalumu, Studio D, kwenye studio ya Village Recorder, Los Angeles, wakakaa humo miezi mingi. Gharama za kurekodi zilipita dola milioni 1, jambo ambalo siku zile lilitangazwa kana kwamba ni dhambi. Chumba kile hakikuwa chao. Walipomaliza waliondoka na kanda zao tu. Kisha wakaenda safari ya maonyesho zaidi ya 100, kwa mahoteli na ndege za kifahari, na mwisho wa safari, walipokaa kuhesabu, faida waliyoitarajia haikuonekana. Fleetwood ndiye aliyekuwa akisimamia mambo ya bendi, na usimamizi ukamtoka mikononi. Sitawachosha kwa hili. Mhasibu mtafuteni mapema, na awe mtu asiyeogopa kuwakatalia.

Turudi kwenye mapokezi, maana ndiko mnakotaka niende.

Albamu ilifika namba 4 Marekani na namba 1 Uingereza. Nyimbo mbili, Tusk na Sara, ziliingia kumi bora Marekani. Nakala takriban milioni 4 ziliuzwa duniani. Bendi yoyote nyingine ingechinja ng'ombe. Hao waliambiwa wameanguka, kwa sababu namba hizo zilisomwa pembeni mwa namba za Rumours, na pembeni mwa Rumours hata mlima ni kichuguu. Baadhi ya waandishi walioisikiliza vizuri waliifananisha na ile albamu ya santuri mbili ya The Beatles ya mwaka 1968, iliyojaa vipande vya kila aina, na waliisema kwa heshima. Lakini habari iliyoenea haikuwa yao. Iliyoenea ni ya dola milioni 1 na mauzo yaliyoshuka.

Sababu zilitafutwa. Wengine walisema bei, maana santuri mbili ziliuzwa karibu dola 16, fedha nyingi kwa kijana wa 1979. Fleetwood mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mtandao mmoja mkubwa wa redio uliipiga albamu yote tangu mwanzo hadi mwisho, watu wakairekodi majumbani kwenye kaseti, wakaacha kununua. Tena biashara nzima ya santuri Marekani ilikuwa imedorora mwaka ule. Yote hayo yana ukweli wake. Lakini mwezi mmoja tu baadaye, Novemba 1979, Pink Floyd walitoa The Wall, nayo santuri mbili, nayo si muziki mwepesi, ikakaa namba moja Marekani wiki 15 mwaka uliofuata. Kwa hiyo bei peke yake haitoshi. Mimi naamini watu walikuja dukani na kumbukumbu ya Rumours masikioni, wakakuta kitu kingine, na wengi wakahitaji muda ambao duka halitoi. Hilo ndilo linalowangoja ninyi pia mkibadilika. Namba za wiki ya kwanza, ziwe za santuri au za simu za vijana wenzenu, hupima zaidi jinsi watu walivyoipenda kazi iliyopita.

Na walioogopa kubadilika je? Mwaka huohuo, humohumo Los Angeles, bendi ya Eagles ilikuwa na mzigo uleule. Albamu yao ya Hotel California ilikuwa imetoka Desemba 1976 ikawapandisha mbinguni. Ilifuatiwa na karibu miaka mitatu ya kuhangaika studio. Walikusudia santuri mbili, wakapunguza ikawa moja, wakaiita The Long Run. Ilitoka Septemba 1979, ikaenda namba moja, ikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 1980 bendi ikavunjika. Sisemi ilivunjika kwa sababu ya albamu. Ugomvi wao ulikuwa na mizizi mingi. Nasema tu kwamba namba moja haikuwaokoa, na ninyi mnaodhani ladha ileile italinda amani ya bendi mwiangalie hiyo.

Sasa nafika mahali panaponiuma kila nikipakumbuka. Kwenye jalada la Tusk, panapotajwa watayarishaji, imeandikwa kwamba imetayarishwa na Fleetwood Mac pamoja na Richard Dashut na Ken Caillat, na hapo hapo zimewekwa shukrani maalumu za bendi kwa Lindsey Buckingham. Bendi nzima inamshukuru mmoja wao, kwa chapa, mbele ya ulimwengu. Maneno hayo yalichapwa kabla nakala hata moja haijauzwa. Kisha namba zikaja. Na Buckingham ameeleza katika mahojiano mengi kwamba baada ya mauzo kujulikana wenzake walimwambia basi, namna hiyo ya kazi haitarudiwa. Shukrani zimechapwa kwenye jalada na bado zipo mpaka leo. Makubaliano yalikufa ndani ya mwaka mmoja.

Wakaingia studio Ufaransa mwaka 1981 kutengeneza albamu iliyofuata, Mirage, yenye ulaini uleule wa zamani. Ilitoka 1982, ikakaa namba moja Marekani wiki tano. Ni albamu nzuri, ina Gypsy wa Nicks, wimbo ninaoupenda sana. Lakini sikilizeni gita la Buckingham humo. Linafanya kazi yake yote vizuri, na halikosei, na halina hamu. Mtu aliyeambiwa kwamba ujasiri wake ulikuwa hasara ya wote huja kazini kama mwajiriwa. Mwaka 1987, baada ya Tango in the Night, ambayo nayo iliuzwa mno, alikataa kwenda safari ya maonyesho, akaondoka.

Mimi sisemi wenzake walikuwa wabaya. Fleetwood alikuwa na watu wa kuwalipa. Christine na Nicks walikuwa na nyimbo ambazo zingesikiwa na watu wengi zaidi kama jirani yao asingekuwa bafuni na maboksi. Walikuwa na haki ya kusema hapana. Kosa ni kwamba hapana yao ilikuja baada ya namba, wakati ndiyo yao ilikuwa imeandikwa kabla. Mtu akishirikiana nawe katika jambo la hatari, kisha likienda kombo akageuka kuwa mtazamaji aliyekuonya, hapo amekuacha peke yako na deni la wote. Nimeziona bendi za hapa kwetu zikifa kwa neno moja tu, "nilijua," likisemwa na mpiga kinanda au mwimbaji aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi siku ya mazoezi.

Kwa hiyo hili ndilo ninalowaomba mlifanye, na nalitilia mkazo kuliko yote niliyosema. Kabla hamjaingia studio, kaeni wote, mfunge mlango, simu zizimwe, mchukue daftari. Andikeni kwa nini mnataka albamu hii iwe hivi mnavyotaka iwe. Andikeni fedha kiasi gani zitatumika na nani ana mamlaka ya kusema zimetosha. Kisha andikeni namba, yaani mauzo au mapato ambayo mkiyapata mtasema tumetosheka, nayo ipimwe kwa gharama za albamu hii na mahitaji ya nyumba zenu, wala isipimwe kwa albamu ya kwanza. Fleetwood Mac hawakuwa na namba yao wenyewe, ndiyo maana namba ya Rumours iliwahukumu. Kila mmoja atie sahihi. Asiyeweza kutia sahihi aseme siku hiyo, na asikilizwe bila kununiwa, kwa sababu hapana ya mapema ni msaada mkubwa kwa bendi. Matokeo yakija, yawe mazuri au mabaya, ukurasa huo usomwe kwa sauti kabla mtu yeyote hajafungua kinywa.

Na wekeni nafasi ya mtu kupumua nje ya bendi. Hilo Fleetwood Mac walilifanya, na naona liliwasaidia kuishi. Baada ya safari ya Tusk, Nicks alitoa Bella Donna mwaka 1981, ikaenda namba moja Marekani. Buckingham akatoa yake mwaka huohuo. Mick Fleetwood alipanda ndege hadi Accra, Ghana, mwanzoni mwa 1981, akarekodi albamu ya The Visitor pamoja na wanamuziki wa huko. Haikuuzwa sana, lakini mpiga drams wa bendi tajiri kuliko nyingi duniani aliona inafaa kuvuka bahari akajifunze kwa wapiga ngoma wa Afrika Magharibi. Miongoni mwenu yupo anayetaka kupiga taarabu, na yupo anayetaka kutengeneza midundo peke yake chumbani kwake. Waacheni. Watarudi na kitu.

Mtaniambia, mzee, lakini Tusk siku hizi inasifiwa. Kweli. Mwaka 2002 bendi ya Marekani iitwayo Camper Van Beethoven ilitoa albamu yake ya kuipiga Tusk upya yote, wimbo kwa wimbo. Mwaka 2015 ilitolewa tena kwa toleo kubwa, pamoja na rekodi za majaribio, na vijana ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana mwaka 1979 wakaijadili kama kitu kipya. Nimefurahi kuliona hilo nikiwa hai. Lakini msijenge hoja yenu juu yake. Albamu nyingi zilizokataliwa siku zake zimesahaulika kabisa, na nyingine zilistahili. Anayewaambia fanyeni tu, wakati utawatetea, anawaahidi mali isiyo yake. Christine McVie alifariki Novemba 2022, na bendi ile ya watano haiwezi tena kukaa chumba kimoja kuzungumza habari za 1979. Ninyi bado mnakaa chumba kimoja.

Kabla ya kikao chenu cha daftari, sikilizeni Tusk yote, pande nne, kwa mpangilio wake, bila kuruka. Sara muutafute ule mrefu, wa zaidi ya dakika 6, maana CD za mwanzo ziliukata ili albamu yote iingie kwenye diski moja. Kila mmoja wenu achague wimbo ambao angeutoa. Najua mpiga gita atataka kutoa wimbo wa Christine, na mwimbaji atataka kutoa The Ledge. Kisha badilishaneni: kila mmoja autetee wimbo ambao mwenzake ameutoa, mpaka yule aliyeutoa akubali kwamba umetetewa vya kutosha. Mkishamaliza hapo, njooni kwangu Jumamosi na huo ukurasa wenye sahihi.